Jeshi la Barabara na Jeshi la Vijia: Vita vya Ukombozi wa Msumbiji, 1964–1974



Anayelinganisha majeshi mawili huanza kwa kuhesabu: askari wangapi, ndege ngapi, mizinga mingapi. Nami naanza hapo, ila sitakaa sana, kwa sababu kwa hesabu hiyo FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilikwisha kushindwa kabla risasi ya kwanza haijalia. Tarehe 25 Septemba 1964, wapiganaji wake waliposhambulia kituo cha utawala cha Chai, katika jimbo la Cabo Delgado, chama kilikuwa na watu kama 250 tu waliokwisha kupata mafunzo ya vita. Ureno ilikuwa na maelfu ya askari katika koloni lile, polisi wa siri wa PIDE waliosambaa hadi vijijini, na kiti chake cha uanachama mwanzilishi wa NATO. Kufikia mwaka 1974 jeshi la Ureno nchini Msumbiji lilizidi watu 50,000, na wapiganaji wa FRELIMO, kwa makadirio mengi, walikuwa kati ya 10,000 na 15,000. Wareno walikuwa na bunduki za G3 walizozitengeneza wenyewe kwa muundo wa Kijerumani, helikopta za Alouette kutoka Ufaransa, ndege za kivita za Fiat G.91 walizozipata Ujerumani Magharibi, na mabomu ya napalmu. FRELIMO ilipata bunduki kutoka Urusi, China na nchi nyingine rafiki. Ndege haikuwa nayo hata moja, na makombora ya Strela ya kutungulia ndege yaliifikia mwaka 1974, vita vikiwa vimekaribia ukingoni.

Kwa hiyo naomba leo tupime kwa kipimo kingine. Tuulize: chakula na risasi vilimfikiaje askari wa kila upande, nani alivibeba, na kwa nini alikubali kuvibeba? Naamini swali hili linafungua mambo mengi ya vita hivi ambayo orodha ya silaha inayaficha, yakiwemo mambo ambayo sisi tulioipenda FRELIMO hatupendi kuyasema.

Tuanze na Mreno. Ureno ilikuwa nchi ya watu kama milioni 9, maskini kuliko jirani zake wote wa Ulaya Magharibi, na ilikuwa inapigana vita vitatu kwa pamoja: Angola tangu 1961, Guinea-Bissau tangu 1963, na Msumbiji. Kijana wa kijiji cha milimani kule Trás-os-Montes aliandikishwa kwa sheria, akafundishwa miezi michache, akapakiwa melini Lisbon kwa muhula wa miaka miwili hivi barani Afrika. Safari ilichukua majuma. Alipoteremshwa, alipelekwa kwenye kituo chenye handaki, seng'enge na bendera, pamoja na kombania yake ya watu kama 150. Kazi yake ilikuwa kukilinda kituo hicho, kufanya doria kukizunguka, na kuhesabu siku. Maelfu kwa maelfu ya vijana wenzake walikataa hata hayo, wakavuka mpaka kwa siri kwenda Ufaransa kufanya kazi za ujenzi.

Mfumo wenyewe wa Wareno ulikuwa wa kuigawa nchi vipande-vipande na kuweka kituo katika kila kipande. Ukitazama ramani ulionekana mfumo wa nguvu, kwa kuwa kila mahali palikuwa na askari. Lakini kila kituo kilipaswa kulishwa. Unga, mvinyo, bia, barua, petroli, risasi, hata maji wakati mwingine, vilitoka bandarini kwa malori. Hapo ndipo jeshi kubwa lilipokamatika.

Tuitazame barabara moja kwa karibu, ile ya kutoka Mocímboa da Praia hadi Mueda, kilomita kama 100, inayotoka pwani ikapanda hadi uwanda wa Wamakonde. Kwa gari, wakati wa amani, ni safari ya saa chache. Wakati wa vita ilikuwa safari ya siku kadhaa. Mbele ya msafara walitembea askari kwa miguu, bega kwa bega, kila mmoja na fimbo yenye ncha ya chuma, wakichoma ardhi hatua kwa hatua kutafuta bomu lililotegwa. Nyuma yao lilifuata lori la Berliet, sakafu yake imejazwa mifuko ya mchanga ili mlipuko usimfikie dereva kwa nguvu zake zote. Malori mengine yalikanyaga palepale lilipokanyaga la kwanza. Fimbo ikigonga kitu kigumu, msafara mzima ulisimama. Msituni, mita chache kutoka barabarani, huenda palikuwa na wapiganaji watano tu wenye bunduki ya rashasha, au hapakuwa na mtu kabisa. Askari hakuweza kujua, kwa hiyo alilala palepale akiwa ameielekeza bunduki kwenye majani. Mvua zikianza, malori yalizama kwenye tope jekundu na vituo vikategemea ndege. Sehemu kubwa ya Wareno waliouawa na kukatwa miguu katika vita hivi hawakumwona aliyewaumiza, maana alikwisha kulitega bomu lake akaondoka.

Mtu mmoja mwenye bomu la ardhini na jembe dogo, kwa kazi ya usiku mmoja, aliweza kuwafanya askari 100 watembee mwendo wa kinyonga kwa siku 3. Mwenye ndege na helikopta anaweza kupiga mahali popote, lakini kama hawezi kupeleka gunia la unga kilomita 100 bila kumwaga damu, nchi ile si yake.

Sasa tuje upande wa pili, upande ambao wengi wenu hapa mnaujua kupitia wazazi wenu.

FRELIMO iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, vyama vitatu vikiungana chini ya Dk. Eduardo Mondlane. Kundi la kwanza la vijana lilipelekwa Algeria mwaka 1963. Waliporudi, Tanganyika iliwapa Kongwa, kisha Nachingwea, mahali Waingereza walipojaribu kulima karanga kwa matrekta wakashindwa. Nachingwea ndiko Samora Machel, muuguzi kutoka Gaza aliyetoroka Lourenço Marques, alikojenga jeshi. Kanuni yake, ambayo naiheshimu mpaka leo, ilikuwa kwamba mpiganaji hujilisha kwa kadiri awezavyo. Wapiganaji walilima. Mmakonde wa Mueda, Mnyanja wa Niassa na Mshangani wa kusini walilala bweni moja, wakashika jembe moja, na wale wasiojua kusoma wakafundishwa. Mwaka 1967 kikosi cha wanawake kilianza mafunzo hapohapo. Josina Machel, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971 akiwa na umri wa miaka 25, alikuwa mmoja wa hao.

Mondlane aliandika kwamba kufikia mwaka 1967 walikwisha kupata watu 8,000 waliofunzwa na kupewa silaha. Jeshi la ukubwa huo lilikulaje na kupiganaje bila lori hata moja upande wa pili wa Mto Ruvuma?

Silaha zilishushwa bandarini Dar es Salaam na kufikishwa mpakani kwa malori. Hapo Mto Ruvuma ulivukwa kwa mitumbwi usiku. Baada ya hapo hakuna tena gurudumu. Mzinga mdogo wa mota wa milimita 82 una uzito wa kilo zipatazo 55. Ulifunguliwa vipande vitatu: mtutu kwa mmoja, sahani ya chini kwa mwingine, miguu kwa wa tatu. Kila bomu lake lina uzito wa kilo kama 3. Mwanamke aliyebeba mabomu manane kichwani alikwenda siku nyingi kwa miguu, mara nyingi na mtoto mgongoni, kwenye vijia ambavyo rubani akiwa juu hakuvitambua. Alipofika kambini, mabomu yale manane yalikwisha katika dakika chache za mapigano. Akageuka kwenda kuchukua mengine, na njiani akila muhogo mkavu aliofungasha mwenyewe.

Tunayo methali ya fahali wawili wanaopigana na nyasi zinazoumia. Hutajwa sana vita vikizungumzwa. Mimi naona hapa haitoshi, kwa sababu katika Cabo Delgado nyasi zenyewe ndizo zilizombeba fahali mmoja. Mkulima hakuwa mtu wa pembeni aliyekanyagwa na wapitao. Ndiye aliyekuwa lori, ghala, jiko na jicho la jeshi la FRELIMO. Siku ambayo angekataa, jeshi lile lingekwisha.

Basi kwa nini alikubali? Sababu ya kwanza ni Ureno wenyewe. Kwa zaidi ya miaka 20 wakulima wa kaskazini walilazimishwa kulima pamba na kuiuza kwa bei iliyopangwa na makampuni. Mwanamume aliyekosa kodi alipelekwa kwenye kazi ya shokoa, waliyoiita chibalo. Wengi walitoroka wakavuka Ruvuma kuja kukata mkonge Lindi na Tanga, na huku wakaiona TANU ikiikusanya nchi na kuutwaa uhuru bila bunduki. Kisha ikaja Mueda. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika mbele ya ofisi ya serikali kudai madai yao, na askari wakawafyatulia risasi. Idadi ya waliouawa inabishaniwa hadi sasa, lakini hapana mtu wa uwanda ule aliyehitaji kuhutubiwa tena juu ya ukoloni.

Sababu ya pili ni chumvi. Wanahistoria wa vita huipita, mimi nataka kukaa nayo kidogo. Wareno walipoondoka vijijini waliondoka na maduka. Mkulima aliyejikomboa aliamka hana chumvi, hana sabuni, hana kipande cha kitambaa, wala jembe la kubadilisha lililovunjika. FRELIMO ililazimika kuwa mfanyabiashara. Korosho, ufuta na karanga zilibebwa kichwani kuja Tanzania, na bidhaa zikarudi kwa njia ileile zilikopita silaha. Sasa tazameni tatizo lilivyozuka. Katibu wa chama wa jimbo la Cabo Delgado, Lázaro Nkavandame, ndiye aliyesimamia biashara hiyo, na malalamiko yakaja kwamba yeye na wenyeviti wake wanajitajirisha, mkulima anapata chumvi kiduchu kwa ufuta mwingi. Ugomvi ukakua hadi mwishoni mwa 1968 kamanda Paulo Samuel Kankhomba akauawa karibu na Ruvuma. Mwaka 1969 Nkavandame akajisalimisha kwa Wareno, nao wakatawanya matangazo wakitarajia Wamakonde wote wamfuate. Hawakumfuata. Mondlane mwenyewe alikuwa ameuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari mwaka huohuo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu, na kwa miezi kadhaa chama kilikuwa hakina mkuu mmoja. Kwa hesabu za kawaida FRELIMO ingevunjika mwaka ule. Haikuvunjika, na naona sababu ni kwamba katika ugomvi wa chumvi upande wa Samora ulisimama na mbebaji.

Wareno nao hawakuwa wajinga. Waliuona mzizi. Kama jeshi la adui linalishwa na mkulima, mwondoe mkulima. Wakajenga vijiji vya kulindwa, walivyoviita aldeamentos, vyenye seng'enge na mlinzi mlangoni, kando ya barabara, wakawahamishia humo watu ambao kufikia mwisho wa vita walikaribia milioni moja. Mtu alitoka asubuhi kwenda shambani na kurudi jioni, na mashamba ya mbali yakageuka pori. Wengine walipata shule na zahanati humo, na si haki kulificha hilo. Lakini wengi walipata njaa na msongo wa mawazo: kuamka kila siku mbele ya lango la mtu mwingine.

Mwaka 1970 amri kuu ya jeshi la Ureno nchini Msumbiji ikashikwa na Jenerali Kaúlza de Arriaga, aliyevutiwa na jinsi Wamarekani walivyopigana Vietnam. Tarehe 1 Julai akaanzisha operesheni aliyoiita Fundo la Gordia, kubwa kuliko zote katika vita vya Ureno barani Afrika. Ndege zilipiga, mizinga ikapiga, matingatinga yakafungua barabara mpya msituni, na askari wa miavuli na makomando wakashushwa kwa helikopta juu ya kambi kuu za uwanda wa Mueda. Kambi zilitekwa. Maghala yalikutwa, mashamba yalichomwa, na jenerali akatangaza ushindi. Wapiganaji wengi walikuwa wamekwisha kuondoka vikundi-vikundi. Kabla ya mwaka kwisha wapiganaji wa FRELIMO walikuwa wamevuka Mto Zambezi huko Tete, upande wa magharibi kabisa, ambako bwawa la Cahora Bassa lilikuwa linajengwa. Kaúlza alikuwa amekusanya nguvu zake zote kupiga mahali ambapo vita vilikuwa vimeanzia, wakati vyenyewe vimekwisha kuhama. FRELIMO haikuweza kulizuia bwawa lile, na haina haja ya kusifiwa kwa jambo ambalo haikulifanya. Ila kulilinda kuliwafunga Wareno wengi pale.

Tete ndiko jeshi la barabara lilikochafuka moyo. Tarehe 16 Desemba 1972 makomando walivamia Wiriyamu na vijiji jirani, karibu na mji wa Tete, wakaua wanaume, wanawake na watoto. Utafiti wa baadaye umetaja watu karibu 400. Mapadri wa Kihispania walikusanya majina ya wafu, na padri Adrian Hastings akaitoa habari hiyo katika gazeti la The Times la London Julai 1973, Waziri Mkuu wa Ureno, Caetano, akiwa anakaribia kuzuru Uingereza. Kwangu mimi, Wiriyamu ni tukio la jeshi lililokwisha kuamua kwamba kila anayebeba ni adui, na kwa kuwa kila mwanakijiji anaweza kubeba, basi kila mwanakijiji auawe.

Tumezoea kusema vita hivi vilikuwa kati ya Mreno mweupe na Mwafrika mweusi. Ukweli ni kwamba miaka ya mwisho zaidi ya nusu ya askari waliopigania Ureno nchini Msumbiji walikuwa wenyeji wa Msumbiji. Walikuwemo katika jeshi la kawaida, katika vikosi maalumu vya GE, na baadhi yao katika Flechas wa polisi wa siri. Hawa walijua vijia. Waliweza kutembea, kunusa moshi, kutambua unyayo. Baadhi waliingia kwa kulazimishwa, baadhi kwa mshahara, baadhi kwa sababu FRELIMO iliwahi kumuua ndugu yao aliyekuwa jumbe wa Mreno. Kuwaita wote vibaraka ni rahisi. Mimi nasema walikuwa wakulima walewale waliojibu swali letu la mbebaji kwa jibu jingine.

Mwisho wa vita ulitoka Lisbon, na Wareno wengi hadi leo husema kwamba hawakushindwa msituni. Ni kweli walishika kila mji na kila bandari. Lakini tazameni kilichowaangusha. Ulinzi ulikuwa unakula karibu asilimia 40 ya matumizi ya serikali. Vijana hawakutaka tena kuingia chuo cha kijeshi, na kombania zikakosa maofisa. Julai 1973 serikali ikatoa amri ya kuwapandisha vyeo haraka maofisa wa muda, na makapteni wa kudumu, waliokwisha kutumwa Afrika muhula baada ya muhula, wakakasirika. Mikutano yao ya malalamiko ikageuka mikutano ya kuipindua serikali. Januari 1974, mjini Beira, walowezi waliandamana wakalipigia kelele jeshi lao wenyewe kwa kushindwa kuwalinda, wakashambulia bwalo la maofisa. Kapteni aliyesikia matusi yale kutoka kwa watu anaowafia hakuhitaji kushawishiwa sana. Tarehe 25 Aprili 1974 serikali ya Caetano ilianguka.

Samora alikataa kusimamisha mapigano mpaka uhuru ukubaliwe kwa maneno ya wazi. Askari wa Kireno hawakuona tena sababu ya kutoka nje ya seng'enge. Tarehe 1 Agosti 1974 kituo cha Omar, karibu na Ruvuma, kilizungukwa na FRELIMO, na askari zaidi ya 100 wakaweka silaha chini bila mapigano. Mkataba ulitiwa saini Lusaka tarehe 7 Septemba, na Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975.

Ningeweza kukomea hapo, kwenye bendera. Lakini kipimo tulichomwekea Mreno ni lazima tumwekee na mshindi. Jeshi la vijia lilipokuwa serikali lilikaa mijini na kuanza kutazama nchi kwa ramani. Watu wakatakiwa kuhamia vijiji vya jumuiya, na mara nyingi kijiji kipya kiliwekwa palepale palipokuwa na aldeamento la Mreno, kando ya barabara ileile. Sisi wa upande huu wa Ruvuma, tulioipitia Operesheni Vijiji, tunaelewa bila kufafanuliwa sana. Majumbe walivunjiwa heshima hata pale ambapo watu wao waliwapenda. Askari weusi waliotumikia Ureno waliachwa wakinyooshewa vidole, na baadhi yao wakakimbilia Rhodesia, ambako idara ya ujasusi ya Ian Smith iliwakusanya pamoja na watu walioikimbia FRELIMO ikaunda kundi la waasi la RENAMO. RENAMO ilifanya ukatili ambao siwezi kuupunguza kwa neno lolote: iliteka watoto, ikakata watu masikio, ikawabebesha watu mizigo kwa mtutu. Hata hivyo, katika sehemu za Nampula na Zambézia ilikuta wakulima waliokuwa tayari kuipa chakula kwa hiari, ili warudi kwenye mashamba ya babu zao. Safari hii FRELIMO ndiyo iliyokuwa na malori yanayotembea kwa misafara, na mabomu ya ardhini yaliyalipua kwenye barabara zilezile, hadi makubaliano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba 1992.